Mto umesafishwa, mbona samaki hawapandi?

Tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024, vikundi vya kusafisha mito vimeongezeka Nairobi. Jumamosi asubuhi utawakuta vijana na akina mama wamevaa gambuti, wanavuta matairi na magunia kutoka majini, wengine wanapanda mianzi ukingoni. Baada ya muda mawe ya chini huanza kuonekana, ndege hurudi, na hapo ndipo watu huuliza: mbona samaki hawapo?

Kikundi chetu kinatunza kijito kimoja kinachoingia Mto Nairobi. Tulilojifunza, tena kwa gharama, ni kwamba mto unaweza kuwa safi na bado umefungwa. Kila kipande cha mto kina kitu kimoja kinachomzuia samaki kabla ya vingine vyote. Kinaweza kuwa ukuta, kasi ya maji, uhaba wa maji, hewa, au kukosa mahali pa kutagia. Ukianza na cha pili ukaacha cha kwanza, umezika saruji yako bure. Kwa hiyo soma dalili kwanza, ndipo utafute fundi.

Kabla ya yote, tembea kutoka chini kwenda juu

Samaki wetu wanatoka chini. Mto Nairobi unaanzia kwenye kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, unapita katikati ya jiji, unapokea maji ya Mathare na Ngong upande wa mashariki, kisha unaingia Mto Athi. Athi unaporomoka Fourteen Falls, unapita Tsavo ukiitwa Galana, na unamwaga maji baharini karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Hiyo ndiyo barabara yao. Mkunga wa mtoni, samaki mrefu kama nyoka, ndiye anayeitumia kuliko wote: huzaliwa Bahari ya Hindi, hupanda mto akiwa mdogo kama sindano, hukaa kwenye maji baridi miaka mingi, kisha hurudi baharini kutaga.

Kwa sababu hiyo usianze na kizuizi kilicho karibu na nyumbani kwako kwa kuwa tu ndicho unachokiona kila siku. Anza pale kijito chako kinapokutana na mto mkubwa, upande nacho. Kila unapokuta ukuta, kalvati (bomba la zege linalopitisha mto chini ya barabara), kivuko cha zege au bomba lililokatiza mto, andika mambo manne: tofauti ya kimo kati ya uso wa maji ya chini na ya juu, kina cha dimbwi lililo chini yake, kina cha maji yanayopita juu yake, na urefu wa sehemu ambayo samaki lazima aivuke bila kupumzika. Fimbo iliyotiwa alama kila sentimita 10 na utepe wa fundi vinatosha. Rudia safari hiyo mara mbili, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, maana kizuizi cha Februari huenda kisiwepo Aprili.

Dalili: samaki wamejaa chini ya ukuta, juu hakuna hata mmoja

Hii ndiyo dalili ya kufurahia. Inakuambia kwamba maji ya chini yanafaa, samaki wapo, na wanataka kupanda.

Sisi tulikaa miezi tukisema kijito hakina samaki. Mzee mmoja anayelima sukuma wiki karibu na ukingo ndiye aliyetufungua macho. Aliniambia, "Kijana, nyinyi mnakuja mchana. Njoo saa mbili usiku, mvua ikishakatika, na ulete tochi." Nilikwenda. Chini ya sakafu ya zege ya kivuko cha zamani kulikuwa na kambare watano au sita, wengine urefu wa mkono, vichwa vyao vimeelekea mkondo. Mmoja alipanda kwenye zege akijisukuma kwa mapezi ya kifuani, akafika katikati, mwili nusu nje ya maji, kisha mkondo ukamrudisha. Akajaribu tena. Mzee akasema, "Hivyo ndivyo wanavyofanya kila masika." Ukuta wenyewe ulikuwa na sentimita 60 tu. Mtu anauvuka bila kufikiri.

Kwa samaki wa mito yetu, wengi wao wadogo, sentimita 60 ni ghorofa. Samaki wadogo wa fedha wa jamii ya Enteromius hushindwa hata na anguko la sentimita 10 au 20 lililo wima. Anayeruka naye anahitaji dimbwi la kukimbilia, lenye kina kisichopungua kimo cha anguko lenyewe. Maji yakiangukia juu ya zege tupu au mawe makavu, hata anguko fupi humshinda. Garra, samaki mdogo mwenye kinyonyo chini ya mdomo, na mkunga mchanga wanaweza kutambaa juu ya jiwe lenye unyevu, kwa hiyo kuwaona wao juu ya ukuta hakumaanishi kwamba njia iko wazi kwa wengine.

Dawa ya kwanza ya kufikiria ni kuuondoa ukuta kabisa. Vikuta vingi kwenye vijito vya Nairobi vilijengwa kwa kazi iliyokwisha, kama kuvuta maji ya shamba ambalo sasa ni mtaa. Uliza: nani anautumia leo? Kama hakuna, omba kibali cha kuubomoa. Huko Marekani, kwenye Mto Elwha, mabwawa mawili makubwa yalibomolewa kati ya 2011 na 2014 na samaki wa salmoni wakaanza kupanda kwenye maji ambayo kizazi chao hakikuyafikia kwa takriban miaka mia moja. Lakini kabla ya kubomoa chunguza tope lililojikusanya nyuma ya ukuta, kwa sababu katika mito yetu huenda limebeba mafuta ya gereji na metali nzito, na hutaki litoke lote kwa siku moja. Chunguza pia kama ukuta huo ndio unaoshikilia msingi wa daraja au bomba.

Kama ukuta lazima ubaki, jenga mteremko wa mawe chini yake. Kipimo cha kuanzia ni mita 20 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo, na ukiweza kuulaza zaidi ni bora kwa samaki wadogo. Ukuta wetu wa sentimita 60 ulihitaji mita 12. Mawe makubwa hupangwa kwa safu zinazokatiza mto, kila safu ikiacha mapengo, ili kati ya safu moja na nyingine pawe na kidimbwi cha kupumzikia. Katikati pawe chini kidogo kuliko kando, maji ya kiangazi yakusanyike hapo.

Hapo ndipo tulipokosea. Tulipanga mawe mazuri, makubwa, na tukaenda nyumbani. Aprili mteremko ulifanya kazi. Julai nikashuka nikakuta mawe yamekauka juu, maji nayasikia yakitiririka chini yake kama bomba lililovuja ndani ya ukuta. Mto mzima ulikuwa unapita kati ya mawe, na samaki hana njia humo. Tuliinua safu tatu za juu, tukajaza chini kwa mchanganyiko wa udongo wa mfinyanzi, mchanga na kokoto za ukubwa tofauti, tukashindilia safu kwa safu, kisha tukarudisha mawe. Kokoto za saizi moja hazizibi. Zinazohitajika ni ndogo za kujaza nafasi za kubwa, na mchanga wa kujaza nafasi za ndogo.

Dalili: hakuna anguko, kalvati iko sawa na mto, lakini samaki hawapiti

Tatizo hapa ni kasi au kina, na kwa macho huwezi kujua. Chukua ganda la chungwa. Linaelea likiwa limezama nusu, upepo haulisukumi, na rangi yake unaiona hata ndani ya kalvati yenye kiza. Mmoja alidondoshe mlango wa juu na kupiga kelele, mwingine asimame mlango wa chini na saa ya simu. Rudieni mara tano, mchukue wastani.

Tuseme kalvati ina mita 9 na ganda linatoka baada ya sekunde 6. Hiyo ni mita 1.5 kwa sekunde. Samaki wa sentimita 10 akitulia huogelea mara 2 au 3 ya urefu wa mwili wake kwa sekunde, yaani sentimita 20 hadi 30. Akijikaza kwa nguvu zote anaweza kufikia kama mita 1, na hizo nguvu humwishia baada ya sekunde chache. Huyo hapiti. Hata ganda likichukua sekunde 15, yaani mita 0.6 kwa sekunde, bado hesabu inamkataa: akijikaza kwa mita 1 anasonga mbele mita 0.4 tu kila sekunde, na mita 9 zitamchukua zaidi ya sekunde 20. Ganda hupima maji ya juu, na maji ya chini huenda polepole kidogo, lakini ndani ya bomba laini la zege tofauti hiyo ni ndogo.

Kwa hiyo anachohitaji samaki ni mahali pa kupumzikia ndani ya kalvati. Funga vizingiti vifupi vya mbao ngumu au zege sakafuni, vikiacha pengo upande mmoja kisha upande mwingine kwa zamu, au pachika mawe makubwa kwa saruji. Mwonyeshe mhandisi kwanza, maana kila unachoongeza ndani kinapunguza nafasi ya maji ya mafuriko, na Nairobi tunajua kalvati ikiziba kinachofuata ni nini. Kama barabara inajengwa upya, pigania kalvati pana kuliko mto wenyewe, iliyozikwa angalau robo ya kimo chake, ili sakafu ya mto, mawe na mchanga, iendelee ndani yake kana kwamba hakuna barabara juu. Kuipata mapema kwenye mchoro ni rahisi kuliko kuirekebisha baadaye.

Angalia pia kina. Maji ya sentimita 3 yaliyotandazwa juu ya zege pana hayamfuniki samaki mgongo.

Dalili: wanapita masika, wanakwama Julai hadi Septemba

Mara nyingi kosa ni la usafishaji wenyewe. Tingatinga likiingia mtoni huacha sakafu pana na bapa kama barabara, na maji ya kiangazi yanatandazwa yakawa membamba. Mto wenye afya una mfereji mdogo ndani ya mkubwa, unaopinda, wenye madimbwi na sehemu za mawe. Rudisha mfereji huo kwa jembe na mawe: upana mdogo, kina cha kutosha, mawe makubwa ya kuusukuma mkondo kushoto na kulia. Kisha tembea ukihesabu pampu za kuvuta maji, za mashamba ya mboga na za kuoshea magari. Zungumzeni na wenye pampu wapeane zamu. Hao ni majirani, na wengi hawajui kwamba pampu tatu zikiwaka pamoja asubuhi mto unakatika.

Dalili: alfajiri samaki wako juu ya maji, midomo wazi

Hawa wanatafuta hewa. Usijenge chochote kwanza.

Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na jambo hili watu wengi hulisahau. Maji ya nyuzi 20 kule Pwani yanaweza kushika karibu miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Hapa kwetu, hata yakiwa safi kabisa, yanashika kama 7.4 tu. Tunaanza na akiba ndogo. Ikishuka chini ya 5 samaki wengi huanza kutaabika, na chini ya 2 wengi hawamalizi usiku. Majitaka ndiyo yanayoila, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha navyo vinapumua. Oksijeni huwa chini kabisa kabla jua halijachomoza, kwa hiyo kipimo cha saa nane mchana kitakudanganya. Pima saa kumi na mbili asubuhi.

Ukikuta kambare peke yake na hakuna samaki mwingine, dalili ni hiyo hiyo. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa ya juu, kwa hiyo anaishi pale wengine wanapokufa. Usimpige picha ukatangaza kwamba mto umepona.

Chanzo kitafute kwa kupanda mto hadi pale ambapo harufu au maji ya kijivu yanaanza. Mabomba makuu ya majitaka yamelazwa kwenye mabonde ya mito kwa sababu uchafu unafuata mteremko, na chemba moja iliyozibwa na matambara inaweza kumwaga mtoni usiku kucha. Piga picha, andika alama ya mahali, ripoti kwa kampuni ya maji na kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kisha rudi tena kesho na kesho kutwa uangalie. Kujenga njia ya samaki kuelekea maji ya namna hii ni kuwaelekeza wakafe, na hilo siwezi kulikubali hata mfadhili akiwa na haraka ya kuzindua.

Wakifa ghafla mchana, wa kila aina na kila saizi, hilo ni jambo lingine: kuna kitu kimemwagwa. Chukua maji kwenye chupa safi, ijaze hadi mdomoni isibaki hewa, iweke kwenye barafu, andika saa, na upige simu kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji saa hiyo hiyo. Usiingie majini, na waambie watu wasiokote samaki hao.

Dalili: wakubwa wapo, vifaranga hawaonekani

Njia iko wazi lakini hakuna pa kuzalia. Samaki wa jamii ya Labeobarbus hutaga kwenye kokoto safi ambamo maji yanapita. Ingia kwenye sehemu ya kokoto ukaitifue kwa kiatu. Likipanda wingu la tope linalokaa bila kusafirika, mayai yaliyowekwa humo yalikosa hewa. Tope hilo linatoka ukingoni, kwenye mjengo usiozungushiwa kitu na vichochoro visivyo na nyasi, kwa hiyo dawa yake iko nchi kavu.

Kambare ni tofauti. Yeye husubiri mafuriko, hutoka mtoni usiku na kutaga kwenye nyasi zilizofunikwa na maji. Ukijenga gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) pande zote mbili kwa urefu wa mto, umemfungia nje ya chumba chake cha kuzalia. Ukingo ambao kanuni zetu zinataka uachwe, kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto, una kazi hii pia. Pale ambapo hapana nyumba za kulinda, acha upande mmoja ulale, uote nyasi, na ufurike.

"Si tununue vifaranga tuachilie?"

Swali hili huja katika kila mkutano. Jibu langu ni hapana. Kama chanzo cha kutoweka kwao hakijaondolewa, watakufa pia. Na kama kimeondolewa, walio chini watapanda wenyewe. Perege (tilapia) wa kufugwa wakiingia mtoni wanaweza kuzaana na jamaa zao wa asili na kuharibu mbegu iliyokuwepo. Kuachilia samaki kwenye mto wa umma kunahitaji ruhusa ya idara ya uvuvi, na si bila sababu.

Vivyo hivyo, usiguse maporomoko ya asili. Samaki walio juu yake wamekaa peke yao kwa maelfu ya miaka, na ukuta ule wa mwamba ndio unaowalinda.

Dalili: ilifanya kazi, kisha ikaacha

Taka. Gunia moja likinasa kwenye pengo la mteremko, njia imefungwa. Wekeni zamu ya mtu mmoja kupita kila baada ya mvua kubwa, akiwa na reki na glavu ndefu.

Yaliyo juu ya uwezo wa kikundi

Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953 kwenye Mto Ngong na sasa limefunikwa na magugu maji, na Bwawa la Thwake lililo kwenye Mto Athi kule Makueni, hayatatuliwi kwa magunia ya mchanga. Lakini kikundi kina sauti kwenye vikao vya umma kuhusu tathmini ya mazingira, na swali la mkunga atapitia wapi linapaswa kuulizwa na mtu wa juu ya mto, si wa Makueni peke yake.

Utajuaje kwamba imefaulu

Usihesabu mawe wala picha za uzinduzi. Kabla ya kazi, ukiwa na ruhusa, tega mgono (mtego wa samaki) mmoja juu ya kizuizi na mmoja chini, usiku tatu mfululizo wakati wa mvua. Andika aina na urefu wa kila samaki, kisha umrudishe majini akiwa hai. Baada ya kazi rudia pale pale, msimu ule ule. Sisi mgono wa juu ulikuwa mtupu masika mawili. Masika ya tatu niliukuta na samaki wanne wadogo wa fedha na kambare mmoja mwenye mkwaruzo mpya tumboni. Mzee aliushika mgono mwenyewe, akauinamisha polepole upande wa juu wa ukuta, akangoja hadi wa mwisho alipotoka.